Barua ya Wazi kwa Wanaohesabu Misaada

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Misaada ya Maendeleo, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD),
Paris.



Juzi, chuoni kwetu hapa Ujerumani, wanafunzi tulikutana na maprofesa kujadili misaada ya kimataifa. Profesa mmoja alishika hoja za mchumi Jeffrey Sachs: fedha ziongezwe, umaskini utakwisha. Mwenzake akamjibu kwa hoja za mchumi Dambisa Moyo: zikatwe, Afrika isimame yenyewe. Walivutana mpaka kahawa ikapoa. Hakuna aliyeuliza msaada wenyewe ni kitu gani, hadi binti mmoja wa uchumi aliposimama akatusomea kanuni zenu. Ndipo nikajua: kumbe msaada ni mimi.

Mmeruhusu nchi tajiri kuhesabu gharama za kuwasomesha vyuoni mwao wanafunzi wa nchi zinazoendelea, na kuziandika kuwa misaada. Ujerumani ndiyo kinara. Hesabu yake huvuka yuro bilioni 1 kwa mwaka. Kwa hiyo nikikaa darasani, Tanzania inasaidiwa. Nikisinzia katikati ya mhadhara, nadhani inaendelea kusaidiwa, japo hapo ningeomba mwongozo wenu.

Nashukuru. Ila kwetu wamechanganyikiwa. Ili nipate viza nilitakiwa kuonyesha yuro 11,904 katika akaunti maalumu, niwe napewa 992 kila mwezi. Baba aliuza kiwanja Chanika. Baba mdogo akauza boda boda zake mbili. Mashangazi wakapitisha daftari la michango kama la harusi. Na fedha hizo zote zinaishia hapa hapa: kodi ya chumba, bima ya afya, mkate. Nimezipekua kanuni zenu kutafuta safu ya msaada wa Tanzania kwa Ujerumani. Sijaiona.

Wala si sisi wanafunzi tu. Mkimbizi akipokelewa Ulaya, gharama zake za miezi 12 ya kwanza nazo mnaziandika msaada. Ndivyo Ujerumani ilivyofikia mwaka 2016, kwa mara ya kwanza, lile lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa lililowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970. Ondoa wakimbizi, inabaki 0.52. Uingereza nayo, mwaka 2023, zaidi ya robo ya misaada yake ilitumika kwa wakimbizi waliokuwa humo humo Uingereza, sehemu ya fedha hizo ikilipia hoteli. Mkimbizi apewe kitanda, na blanketi juu. Hilo halina mjadala. Lakini mwenye hoteli kuwa mnufaika wa misaada ya maendeleo! Hapo hata wale maprofesa wawili walikubaliana, kwa kucheka.

Nina maombi mawili. Kwanza, nipatiwe barua rasmi inayonitambua kuwa msaada, niionyeshe nyumbani likizo ijayo, maana wao wanadhani wao ndio wafadhili. Pili, baba mdogo anauliza boda boda zake ziandikwe katika mwaka upi wa fedha, na kama atatumiwa mshauri mwelekezi wa kumwandalia ripoti.

Wenu katika takwimu,
Mwanafunzi Mtanzania