Sadaka Isiyovuka Kizingiti

Jirani yangu hapa Tanga ana msemo wake: sadaka huanza nyumbani. Ya kwake huanzia sebuleni, hupita jikoni, hulala chumbani; mlango wa nje haijawahi kuuona. Ada ya mwanawe, sadaka. Hata zulia jipya ni sadaka, eti wageni watalikalia.

Ramadhani hii alikuja msikitini kifua mbele: zakati yake, ile asilimia 2.5, yote kampa mama yake mzazi. Shehe akamwambia mama hapewi zakati na mwanawe. Kumlisha ni wajibu uliokuwapo tangu zamani, na mlipa deni haitwi karimu. Jamaa kanuna wiki nzima.

Tusimcheke sana. Mtaa wa pili yuko mwenzake anayepeleka tende na mafuta vijiji vya mbali, mpiga picha nyuma, huku shangazi yake akikopa unga dukani kwa Mangi. Dini inasema kumpa ndugu kuna thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu. Lakini shangazi, masikini, hapendezi pichani.

Mpaka jana alikuwa anadaiwa kilo mbili.