Gari Lililokosa Meli

Kuunda gari Nairobi si kazi. Vyuma vipo, mafundi wapo, na washauri wa bure wamejaa kila kona. Kazi ni kumpata mtu wa kukubali, kwa maandishi na kwa muhuri, kwamba kitu chenye magurudumu manne, usukani, taa, honi na moshi ni gari. Mimi ninalo la namna hiyo. Linawaka, linakwenda, na mara nyingi linasimama pale nilipokusudia lisimame. Ila kisheria bado halijazaliwa.

Liliundwa Makina, Kibera, na fundi ambaye miaka yote amekuwa akichomelea milango na madirisha ya watu. Chesisi ni skweya tyubu, zile zile za mageti, na ndiyo maana mlango wa dereva una komeo la ndani. Injini na gia ni za tuktuk iliyopinduka, kwa hiyo tunajivunia rivasi. Viti vilitolewa kwenye Nissan ya abiria kumi na wanne iliyostaafu, na mgongo wa kimoja bado una maandishi ya kalamu yanayomshauri abiria aandae nauli mapema. Taa za mbele tulizipata Kirinyaga Road, mahali ambapo mwenye pesa na subira anaweza kununua gari zima kipande kwa kipande, pamoja na side mirror yake mwenyewe iliyopotea jana.

Shida ilianza siku ya kulitoa Kibera. Gari lisilo na namba haliruhusiwi kugusa barabara. Namba haitoki bila ukaguzi. Na mkaguzi hafuati gari Makina. Gari ndilo linalomfuata yeye, kule Likoni Road, Industrial Area, kwa kupitia barabara ile ile lisiyoruhusiwa kuigusa. Fundi alikuna kichwa, akazunguka gari, akakuna tena, kisha akaita mkokoteni. Tulipeleke kwanza kwako Kawangware, alisema, mengine yatajulikana mbele ya safari.

Sasa mkokoteni wa Nairobi nao ni gari la kuundwa nyumbani. Una ekseli ya gari kuukuu, magurudumu ya gari kuukuu, mbao, na breki ambayo ni kipande cha tairi kilichofungwa nyuma: hamali akitaka kusimama huinua mikono juu, mkia ukashuka, tairi likasugua lami mpaka likatoa harufu. Juu ya chombo hicho, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiuliza kilizaliwa wapi, vijana wanane walipandisha gari langu, wakalifunga kwa kamba za katani. Tukashika njia: Toi, Adams, Ngong Road, hadi Dagoretti Corner ili tuingie Naivasha Road. Wenye magari walipiga honi. Fundi naye, aliyekuwa amekaa ndani ya gari kwa kisingizio cha kulilinda, aliwajibu kwa honi.

Pale Corner, afande wa trafiki alinyoosha mkono.

“Nani dereva?”

Hamali akainua kidole.

“Si wewe. Dereva wa gari.”

“Afande, gari halina dereva,” nikasema. “Huu ni mzigo.”

Akatuzunguka. Akagonga boneti kwa kiungo cha kidole, ikalia kama sufuria. Akatazama pale ambapo namba hukaa, akakuta fundi amepachomelea ua la chuma kama yale ya mageti.

“Hili linatembea?”

“Linafika sitini, mkubwa!” fundi akajibu kutoka dirishani, kwa majivuno ya mzazi.

“Halitembei, afande,” nikawahi kusema. “Linatembezwa.”

Afande alicheka mpaka akashika mkanda. “Haya, pelekeni mzigo wenu. Lakini nisije nikaukuta ukijiendesha.”

Tulifika Kawangware salama. Kesho yake nikaenda saiba, karibu na stage ya 46, kujaza fomu. Kijana wa pale ni hodari. Amewajazia watu wa mtaa mzima maombi ya vitambulisho, mikopo ya chuo na vyeti vya tabia njema. Akapasua vidole, akaanza.

“Kampuni? Toyota, Nissan, Mazda?”

“Jua kali.”

Akapekua orodha kutoka juu hadi chini. “Haiko. Kuna ya Ujerumani, ya Japan, ya China. Ya jua kali haiko. Mwaka wa kutengenezwa?”

“Inategemea unauliza kipande gani.”

Akageuza kiti akanitazama. Magari mengi tunayoendesha Kenya huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japan, yakashukia Bandari ya Mombasa. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, KS 1515 cha mwaka 2000, hakitaki gari kuukuu lililozidi miaka 8. Usukani wangu ulishawahi kuwapeleka watu kupiga kura ya 2002. Boneti ilikatwa wiki iliyopita. Ukitafuta wastani, gari langu liko darasa la sita.

“Tuweke mwaka huu,” nikasema.

“Sawa. Sasa leta karatasi za meli, fomu ya forodha, na cheti cha kukaguliwa huko lilikotoka kabla ya kusafirishwa.”

“Limetoka Kibera.”

Kijana akafikiri, na kwa kweli alifikiri kwa moyo wa kusaidia. “Boss, kwani huwezi kulipeleka Mombasa likapanda feri ya Likoni, lirudi? Magari hulipia pale. Angalau tutakuwa na risiti ya chombo cha baharini.”

Likabaki suala la namba ya chesisi. Utambulisho wa magari duniani una herufi na tarakimu 17, na kati yake hakuna I, O wala Q, kwa sababu zinachanganyikana kirahisi na 1 na 0. Nilipompigia fundi alikuwa tayari ameshika nyundo na vyuma vya kugongea herufi, anataka kuandika KIBERA halafu tarakimu. Kijana wa saiba akamwambia KIBERA ina I. Fundi akanuna hadi kwenye simu akasikika.

Mimi mkazi wa Kawangware nikachukua kalamu nikahesabu: K, A, W, A, N, G, W, A, R, E. Herufi kumi. Hakuna I, hakuna O, hakuna Q. Ongeza sufuri sita na moja, unapata 17 kamili, utafikiri waliopanga utaratibu huo walikuwa wamepanga chumba Gatina.

“Gari limezaliwa Kibera,” fundi akafoka. “Haliwezi kuitwa Kawangware!”

“Mtoto huchukua jina la aliyelipa gharama,” nikamjibu.

Tuligombana hadi salio likaisha. Ndipo kijana akaniambia, kwa upole, kwamba herufi tatu za mwanzo hutolewa kwa kiwanda kinachotambulika. “Hiyo KAW umepewa na nani?”

Nikaamua kwenda mwenyewe ofisi ya kusajili magari. Nilihudumiwa na mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mpole, aliyenisikiliza bila kunikatiza kuanzia tuktuk iliyopinduka hadi feri ya Likoni. Nilipomaliza akavua miwani.

“Mwanangu, kiwanda kiko wapi?”

“Mama, kiwanda ni mimi. Na fundi.”

“Basi ungeanza na chesisi yenye karatasi,” akasema. “Juu ya chesisi yenye karatasi unaweza kujenga hata ghorofa.”

Na ndivyo ilivyo. Tazama matatu za Nairobi, yale mabasi yenye runinga, taa za zambarau na picha za wachezaji ubavuni. Wengi hudhani yamekuja hivyo kutoka ng'ambo. Kilichotoka kiwandani ni chesisi ya lori, injini, na kiti cha dereva kikipigwa na upepo. Hayo mengine, paa, ubavu, madirisha, viti, yamechomelewa na mafundi wa hapa hapa, na KEBS ina kiwango chake cha bodi za namna hiyo, KS 372. Yaani matatu ninayopanda kila asubuhi, kwa kipimo cha vyuma, ni ndugu wa gari langu. Tofauti ni kwamba yeye mgongoni ana namba iliyogongwa na kampuni, na mimi nina fundi aliyenuna. Gari ni namba. Vyuma ni mapambo.

Si kwamba nchi hii haijawahi kutamani gari la nyumbani. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Sifa hizo mbili langu linazo bila kuombwa. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani. Mwendo ulifika kilomita 120 kwa saa. Pesa za kuyatengeneza kwa wingi ndizo hazikufika. Watanzania wana Nyumbu wao wa Kibaha, na Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV mwaka 2011. Lakini hayo yote yalizaliwa na wazazi wenye bendera. Langu limezaliwa na watu wawili wanaogombania jina.

Uingereza nako kuna watu wa aina yetu, ila wao wamewekewa mlango. Mtu akiunda gari kwenye gereji yake hulipeleka kwenye ukaguzi maalumu wa gari moja moja. Likifaulu, na umri wake haujulikani, hupewa namba inayoanza na Q. Herufi ile ile iliyofukuzwa kwenye chesisi, wao wameifanya nyumba ya yatima.

Nilipolirudisha gari karakana kwa mkokoteni na kumsimulia fundi hayo, aliniambia tusome sheria sisi wenyewe. Tukasoma. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema gari ni chombo kinachoendeshwa kwa mtambo, lakini inaviondoa vyombo vinavyopita kwenye njia maalumu kama vile reli. Fundi akasimama. Reli ya kwenda Kisumu inakatiza Kibera, hatua chache kutoka karakana yake, na upana wake ni mita moja. Akachomoa tepu, akapima magurudumu, akapiga hesabu kwenye bati kwa chaki.

“Tukipunguza ekseli kidogo,” akasema, “hatuhitaji namba ya mtu yeyote.”

Nikamkumbusha kwamba kuna treni pia kwenye njia hiyo, na treni haina desturi ya kupisha.

Aliyemaliza mjadala ni mzee mmoja Mnubi, jirani wa karakana, ambaye muda wote alikuwa kwenye benchi lake akinywa chai ya tangawizi. Babu zake walikuwa askari wa Waingereza, wakaletwa kutoka Sudan, wakapewa kukaa Kibera mwanzoni mwa karne iliyopita. Kukaa walipewa, karatasi hawakupewa. Hati ya ardhi ya jamii yao, ekari 288, serikali iliwakabidhi mwaka 2017.

“Kijana wangu,” akaniita, “hilo gari lina muda gani?”

“Halijafika mwaka, mzee.”

“Sisi tulingoja karatasi zaidi ya miaka mia moja. Na ardhi inaonekana, haijifichi, haibadilishi rangi, haikimbii polisi. Wewe una kitu cha kukimbia, halafu unataka karatasi mwaka huu?”

Fundi alitia tepu mfukoni. Akalitazama gari, akapitisha kidole kwenye maungio ambako kutu ilikuwa imeanza kuchungulia, kisha akaninyooshea mkono wa kuomba pesa.

“Leta ya redoksaidi,” akasema. “Na usilete ya debe dogo.”