Shangazi wa Beseni: Jezi Yanuka Kabla ya Mbio

"Shangazi, jezi yangu ya mazoezi naifua kila siku kwa sabuni mara mbili, naimiminia dawa ya kulainisha nguo, kisha mke wangu anaifukiza udi. Nikianza tu kupasha mwili moto, kikwapa hicho! Niende kwa daktari au kwa mganga? – Mnukaji, Mbagala."

Mwanangu, mganga muache apumzike. Tatizo lako ni ukarimu: unaiongezea jezi vitu ilhali inataka kupunguziwa. Jasho likitoka mwilini karibu halina harufu. Wanaonukisha ni bakteria, wakishalila pamoja na mafuta ya ngozi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichukua fulana za watu 26 waliotoka kuendesha baiskeli za jimu, wakaziacha saa 28, kisha wakawapa watu wazinuse (kazi ni kazi). Za polista zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria aina ya Micrococcus walikuwa wamestawi kwenye polista. Polista haipendi maji ila hupenda mafuta, kwa hiyo jasho hukauka upesi, mafuta yakabaki yameng'ang'ania nyuzi. Sasa wewe unakuja na dawa ya kulainisha, ambayo huacha utando juu ya nyuzi hizo na kuyafungia mafuta humo humo. Sabuni nayo ikizidi, beseni moja la maji ya kusuuzia halitoshi, na masalia yake yanashika uchafu mwingine. Udi hauna kosa, ila hapo umefukizia uchafu.

Utasema: mbona shuka za pamba zinapokea hayo yote na hazinuki? Kwa sababu pamba hunywa maji, na maji yakipenya uchafu hutoka. Basi geuza jezi ndani nje, maana kwapani ndiko kwenye kesi. Iloweke nusu saa kwenye maji yenye siki nyeupe, siki kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, uisuuze, ndipo uifue kwa sabuni kiasi na kuianika papo hapo. Siki usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Hutoa gesi ya sumu. Na jezi mbichi isilale kwenye begi hadi kesho, maana humo unyevu na joto vinawalea bakteria usiku kucha.

Msomaji wa Tanga anapinga: jua letu linatosha. Jua hukausha na kuua baadhi ya vijidudu, kweli, lakini mafuta haliyatoi. Ukitoka jasho tena, waliobaki wanakuta meza imeandaliwa. Mwingine anataka kuichemsha. Atawaua wengi, ila na mpira wa kiunoni atauaga. Kurudi kwenye pamba tupu ni hoja nzito zaidi, na kwa anayetembea jioni naikubali. Kwa mkimbiaji wa masafa, pamba iliyolowa huwa nzito na humchubua.

Imebaki barua ya mshambuliaji wa timu ya mtaa, anayeuliza kama jezi yake ya bahati isifuliwe hadi ligi iishe, kwa kuwa tangu aache kuifua mabeki hawamkabi. Fua, mwanangu. Siku mabeki wakishikwa na mafua utafunga kwa lipi?