Gari la Kutazamwa

Shemeji kaniuliza kama Range Rover Evoque inafaa kununuliwa. Nikamjibu: inategemea, unataka gari au unataka picha? Tangu 2011 inaundwa Halewood, karibu na Liverpool, na 2012 likazinduliwa toleo maalumu lililonakshiwa na Victoria Beckham: mwimbaji na mbunifu wa mavazi, si fundi makenika. Paa limeinamia nyuma kwa madaha hadi kioo cha nyuma kimebaki kitobo cha kuchungulia. Si neno, ya nini kutazama nyuma, wakati walioko nyuma ndio wanaokutazama wewe? Nunua, shemeji. Ila makorongo ya mtaani kwenu yakikuzuia, usinipigie mimi simu. Mwite kijana wa bodaboda, yeye hufika.