Hotuba ya Mgeni Rasmi Kuhusu Jeni za Dengu

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, wakulima wa dengu wa Shinyanga, na wewe kijana wa kamera: nipige kutoka kushoto, usomi wangu umeegemea upande huo. Niiteni Daktari. Shahada yenyewe iko njiani, lakini heshima hutangulia.

Leo nazungumzia jeni zinazosaidia dengu kuhimili ukame. Kabla ya hapo, machache kuhusu mimi. Nilizaliwa nikiwa na kichwa kikubwa, mkunga akashangaa. Shuleni walimu waliniogopa. Nimehudhuria makongamano ambayo hata waandaaji wake hawakujua kwamba nimo. Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Nzuri, ingawa yangu ni ya Uswisi. Naomba maji.

Sasa, jeni. Mwaka 2013 wanasayansi walichapisha jenomu ya dengu, yenye jeni zaidi ya 28,000. Jina langu halimo kwenye orodha ya waandishi, na kasoro hiyo inaishushia kazi ile hadhi mpaka leo. Katika jeni zote hizo, ya ukame ni moja tu, na ... naam, binti yetu afisa ugani? Si moja? Ni nyingi, zinashirikiana, na kundi lenye nguvu zaidi limekaa kwenye kromosomu ya nne, ambako linagusa hata umbo la mizizi? Ndivyo nilivyosema. Nilisema moja ili kuokoa muda wenu.

Kundi hilo linatokana na ICC 4958. Namba hiyo ninayo siku nyingi, naipiga, haipatikani. Binti ananinong'oneza kwamba ni namba ya mbegu katika hazina ya taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT, Patancheru, karibu na Hyderabad. Hyderabad naijua vizuri sana. Nimepita juu yake usiku, nimelala. Wahindi waliichukua aina yao ya zamani, Pusa 372, wakaipandikizia kundi hilo la jeni kwa kuchavusha na kuchagua kizazi baada ya kizazi, wakapata Pusa 10216. Hawakunishirikisha. Nimewasamehe.

Maji tena, tafadhali. Ya baridi.

Ukame ukibisha hodi, mmea hutengeneza asidi ya absisiki. Hiyo ni homoni inayoamuru vitundu vya jani vijifunge, maji yasipotee. Yaani jani lina vinywa vidogo vingi mno, na likikaukiwa linavifumba. Nani anacheka kule nyuma? Mama, uliza bila woga. Kwa nini mimi nikikaukiwa sifumbi? Swali la kisayansi hilo. Jibu ni kwamba mimi si wa jamii ya mikunde.

Ila vitundu vikifungwa muda mrefu, hewa ya kaboni haiingii, na mmea hauwezi kujitengenezea chakula. Hapo nimekumbuka: chakula cha mgeni rasmi kimefikia wapi?

Namalizia kwa ushauri. Pandeni dengu mara tu mvua ya kwanza inapodondoka. Mbona mnaguna? Mama yule yule. Unasema dengu zinapandwa mvua zikielekea kuisha, kwenye udongo mweusi wa mbuga, zikue kwa unyevu uliobaki chini. Na kwamba maji yakituama mizizi inaoza? Mmeanza lini mambo hayo? Tangu enzi za babu zenu? Bila semina! Bila cheti! Nani aliwaruhusu?

Hata hivyo, wazo hilo nitaliingiza kwenye utafiti wangu. Jina la mama nalo ningeliandika, ila ukurasa wa kwanza umeshajaa langu. Katibu, nijazie fomu ya posho, weka na ya kulala. Kwamba narudi mjini leo ni jambo la ndani ya ofisi. Dereva, washa kiyoyozi sasa hivi, jua la huku litaniua, na saa kumi natakiwa wilaya ya jirani kuwafundisha watu kuvumilia ukame.