Kofia ya Mkono, Bei ya Mdomo

Mteja wa kofia ya kushonwa kwa mkono, awe wa Unguja au wa Lamu, ni mtaalamu mkubwa. Anajua kwamba kila kitundu hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kwamba vitundu hivyo ni mamia kwa mamia, na kwamba kofia moja safi humla mshonaji wiki kadhaa, pengine miezi. Yote hayo huyaeleza barazani kwa mapana, kofia ikipita mkono kwa mkono. Akifika mlangoni kwa mshonaji, elimu yote humtoka: “Bibi, si unashona hapa hapa nyumbani? Nipunguzie.”

Hoja yake ni kwamba nyumbani hakuna pango la duka. Kweli. Hakuna pia saa ya kufunga, na uzi na kitambaa muuzaji hampi mtu bure kwa sababu anakaa kwake. Atasema kofia za mashine zimejaa sokoni kwa bei chee. Zimejaa, wala hakuna aliyemzuia kuzinunua. Ajabu ni kwamba kofia yenyewe haitaki, bei yake ndiyo anayoitamani. Wengine hudai kushona ni kupitisha wakati tu. Basi mbona huyo mpitisha wakati anahimizwa amalize kabla ya mwezi kuandama, kwa oda iliyoletwa kumi la mwisho la Ramadhani? Ndugu mteja, Iddi haijawahi kuja kwa kushtukiza. Peleka kipimo cha kichwa mapema, na arubuni mkononi.