Kila Mtu Kikima ni Fundi

Gari likimisi Kikima, halimisi kwa siri. Huko chini tambarare unaweza kulidanganya, ukaenda nalo polepole mpaka nyumbani. Lakini barabara yetu inapanda milima ya Mbooni, na mlima hauna adabu. Ukikanyaga mafuta, mgandamizo ndani ya silinda unaongezeka, cheche inahitaji umeme mkali zaidi ili iruke kwenye plagi, na koili iliyochoka inasalimu amri. Ukungu wa Julai nao ukiingia kwenye ufa wa koili, umeme unatorokea pembeni. Silinda tatu zinavuta, ya nne inasafiri bure. Probox za abiria zinakupita zimejaa hadi buti, na walio kwenye buti ndio wanaokuonea huruma.

Ukifika sokoni, ushauri unaanza bila kuombwa. Gari langu limekula zaidi ya kilomita laki tatu, kwa hiyo kila mtu ana haki ya kulitabiria kifo. Mama wa ndizi anasema ni plagi. Mwalimu mstaafu anasema uza, ununue ng'ombe. Kijana wa boda boda anasema petroli imetiwa mafuta taa. Huyo angalau ana hoja: mchezo huo ndio ulioifanya serikali mwaka 2018 itoze mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita. Lakini petroli chafu ingezisumbua silinda zote, isingechagua moja ya kuionea.

Fundi naye alisikiliza kidogo, akatoa hukumu: plagi zote, koili zote, nozeli zote na pampu ya petroli.

"Umepima?"

"Mzee, mimi hutumia sikio."

Sikio ni lake, pochi ni yangu. Ninachotaka si miujiza. Chomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Ikiandika P0302, silinda ya pili ndiyo inayogoma. Toa koili yake kwa spana ya kumi, ibadilishane nafasi na ya silinda ya tatu, washa, panda mlima. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mkosaji. Ikibaki palepale, hamisha plagi, kisha nozeli. Zote zikiwa hazina hatia, pima kompresheni, na hapo ndipo uanze kumwita mwalimu mstaafu na ng'ombe wake. Hakuna kilichonunuliwa mpaka hapo.

Alikubali kwa shingo upande. Kodi ikahama. Koili moja! Fundi akaitazama kama mtu aliyenyimwa mirathi.

"Lakini mzee, hizo tatu ni rika moja na hii. Tubadilishe zote tu."

Nikamwambia hata mimi nina rika langu hapa Kikima, na mmoja wetu akifa huwa hatuzikwi wote.